Wasichana Wanne na Safari ya Antaktika: Uzoefu Wangu wa Kutazama Sora yori mo Tooi Basho

Nilianza kutazama anime hii, yaani katuni ya Kijapani, saa tatu usiku nikiwa nimejiwekea sehemu mbili tu, na nilipoinuka nilikuwa nimemaliza ya sita, ile ambayo Hinata, mmoja wa wasichana hao wanne, anababaika kwa kupotelewa na pasipoti Singapore. Jina la anime hii lina maana ya mahali palipo mbali kupita ulimwengu. Ilitengenezwa na studio ya Madhouse, ikaongozwa na Atsuko Ishizuka, na sehemu zake 13 zilirushwa Japani mwanzoni mwa mwaka 2018.

Kisa kinaanza kwa bahasha. Kimari, mwanafunzi wa sekondari ambaye hajawahi kuthubutu lolote, anaokota yeni 1,000,000 zilizomdondoka Shirase, msichana aliyezidunduliza kwa vibarua ili aende Antaktika, alikopotelea mama yake, huku wenzake shuleni wakimcheka. Kimari anaamua kwenda naye, na wasichana wengine wawili, Hinata akiwemo, wanajiunga nao.

Kilichonigusa zaidi, hata hivyo, ni Megumi, rafiki wa utotoni wa Kimari anayebaki nyumbani. Katika sehemu ya 5, asubuhi ya kuondoka, anakiri kwamba ndiye aliyekuwa akieneza uvumi juu ya Kimari na wenzake wa safari, kwani alikwisha kuzoea kutegemewa, na Kimari asiyemhitaji tena alimwacha mikono mitupu. Kisha anataka urafiki wao uvunjwe. Kimari anamkumbatia kwa nyuma, anamnong'oneza kwamba ombi hilo halikubaliki, halafu anakwenda zake. Ni hadithi chache za vijana zinazothubutu kuuita wivu kwa jina lake.

Melini wasichana wanatapika hadi wanaishiwa nguvu, na kwa mimi niliyewahi kuvuka kwenda Pemba bahari ikiwa imechafuka, hapo sikuona chumvi yoyote iliyoongezwa. Nisichokipenda ni nyimbo, ambazo huingizwa karibu kila penye majonzi, kana kwamba mtazamaji hawezi kulia bila kuongozwa. Nilipata pia tabu kuamini kwamba msafara mzito kama ule ungebeba wanafunzi wanne.

Lakini wanaposhuka Antaktika, wanne hao wakiruka kwa pamoja huku wameshikana mikono, neno la kwanza la Shirase si la shukrani wala la kumlilia mama. Anawapigia kelele wote waliomcheka, na msafara mzima unamwitikia. Ningeulizwa mimi, ningelitafsiri hivi: «Yako wapi!»