Vifaru vya Bovington: bando limeisha ila sijuti

Wadau wa Tabora mnaopenda mambo ya kivita, ingieni YouTube mtafute The Tank Museum, ni makumbusho ya vifaru iko Bovington kule Uingereza, nauli ya kufika huko hatuna ila kwenye video wanakuonyesha mpaka nati. Iliyonimaliza mimi ni Mark I, kifaru cha 1916, yani watu 8 wamebanana humo ndani na injini iko katikati yao bila ukuta wowote, joto lao moshi wao, na kuiendesha tu inataka watu 4 wanaopeana ishara kwa mikono maana kwa ile kelele hata ukipiga ukunga husikiki. Little Willie ya 1915 nayo ipo, babu yao wote ingawa vitani haikwenda.

Halafu Tiger 131, kifaru cha Wajerumani, jamani!! Waingereza waliiteka kule Tunisia 1943, tani kama 57, na mpaka leo inawaka na kutembea. Hiyo sikilizeni kwa spika kubwa.

Kiingereza chao kinakimbia kidogo, na vya Vita vya Kagera sijakutana navyo, hapo bora ukae na mzee mstaafu wa kambi ya jeshi ya Milambo akupe stori. Nyota 4. Shusha ubora wa video hadi 360, inatosha kabisa.