Stirling Smith: nilifuata mpira mkongwe kuliko yote duniani, nikagandia kwenye picha ya mtu na kiko chake

Wadau, kama uko Scotland au unakuja kutembea na mtu kakuambia nenda Stirling ukaone ngome, sawa nenda, ila nakuomba uanzie chini kwanza, kwenye makumbusho yao pale barabara ya Dumbarton, inaitwa Stirling Smith. Watalii wengi wanaipita tu, basi linawapandisha moja kwa moja juu kwa wafalme, wanakata tiketi ya ngomeni ambayo si ya kitoto, halafu wanarudi Edinburgh bila kujua kwamba huku bondeni kuna kitu kilitoka kwenye dari la ngome hiyohiyo na kukiangalia ni bure. Ndio, bure, hakuna kiingilio.

Mimi nakaa Glasgow na kusema ukweli nilikuwa siijui kabisa. Aliyeniingiza mjini ni mdogo wangu, kaja likizo kutoka Morogoro, huyu ni mtu wa mpira kuliko maelezo, badala aniombe nimpeleke madukani kama wageni wengine anasema kaka nataka nikaone mpira wa miguu wa zamani kuliko yote uliobaki duniani, upo Stirling. Nikajua ananitania. Shemeji naye akasema anakuja, basi tukapanda treni pale Queen Street, ni nusu saa na ushee hivi, ukishuka unatembea kwa miguu unakata mji, unaanza kuona nguzo za mawe mbele ya jengo la kizamani, umefika. Manyunyu yalitupiga njia nzima lakini hiyo huku hata haihesabiwi kama mvua.

Haya, mpira. Upo ndani ya kioo na wala hauna mbwembwe, usipoangalia vizuri unaweza kuupita. Ni kibofu cha nguruwe ndani, nje ngozi nene vipandevipande vimeshonwa kwa mkono, rangi imeshakuwa kijivu cha vumbi, umebonyea, na ni mdogo sana ukilinganisha na tunaochezea leo. Inama karibu uangalie mishono, inapishana ovyo, upande mmoja imebana na upande mwingine imeachia, unaona kabisa kuna mtu alikaa na sindano akavuta uzi. Mdogo wangu akasema kaka hii ni chandimu, na kweli, ukishawahi kukusanya soksi na nailoni na kamba ukafunga mpira wa mtaani unamwelewa huyo fundi bila maelezo ya ukutani.

Stori yake ndio inanoga. Mafundi waliokuwa wanakarabati ngome ya Stirling ndio waliokuja kuukuta karne ya 20, umekwama juu kwenye mbao za dari la vyumba vya malkia, na kwa kuwa vyumba hivyo vilijengwa miaka ya 1540 basi mpira nao unakadiriwa kuwa wa wakati huo. Ni kipindi kilekile ambacho Mary, malkia wa Waskoti, alitawazwa humohumo ngomeni mwaka 1543 akiwa mtoto wa miezi tisa. Sasa ulifikaje darini? Wengine wanasema kuna mtu alipiga shuti likaenda juu mpira ukanasa ndio basi tena, wengine wanasema ulifichwa makusudi kama kinga ya mabaya na wachawi. Hapo mdogo wangu alicheka mpaka mzee wa pale ndani akaja kutuuliza kama tunahitaji msaada, maana sisi tuliokulia kwenye ligi za nyumbani habari za kuficha vitu uwanjani hatuwezi kujifanya ni geni. Na usidhani mpira kule ulikuwa mchezo wa heshima, bunge la Scotland liliupiga marufuku mwaka 1424 kwa sheria, wafalme walitaka watu wafanye mazoezi ya vita, lakini mwaka 1497 hesabu za mfalme James IV zinaonyesha kanunuliwa mfuko wa mipira hapohapo Stirling, yaani sheria ni kwa wananchi tu, ikulu wanacheza.

Kuna sehemu ya historia ya mji, ina mambo mengi, William Wallace, shujaa wa Waskoti aliyepigana na Waingereza, na vita vya daraja la Stirling 1297, vitambaa vya tartani (vile vya miraba ya Kiskoti) vya wafumaji wa Bannockburn, mimi nilipita harakaharaka hapo kwa sababu Wallace mji mzima umejaa yeye, hadi mnara wake unauona kwa mbali juu ya kilima. Nilichokipenda ni jagi. Jagi la shaba la mwaka 1457, zito, mwonekano wake wala sio wa kifalme, ila ndilo lilikuwa kipimo rasmi cha pinti kwa Scotland nzima. Serikali iligawa vipimo kwa miji, huu unatunza wa urefu, ule wa uzito, Stirling wakapewa wa vimiminika, ili muuza pombe asiwapunje watu. Na pinti yao ya zamani ilikuwa kama lita 1.7, kwa hiyo ukisikia babu wa Kiskoti alikunywa pinti mbili ujue hapo sio mchezo.

Halafu wakalipoteza! Fundi shaba mmoja aliazimwa jagi, ukatokea ule uasi wa 1745 wa Wajakobo, waliotaka kurudisha ukoo wa Stuart kwenye ufalme, jamaa akajiunga na waasi na hakurudi, likaachwa huko. Ni mchungaji mmoja anaitwa Alexander Bryce, mtu wa hesabu na vipimo, ndiye aliyehangaika kulitafuta mpaka akalipata mwaka 1752 kwenye makorokoro ya huyo fundi. Kipimo cha nchi nzima kimekaa stoo na vyuma chakavu.

Shemeji yeye mpira haukumsumbua wala jagi. Yeye ukoo wao ni wafugaji, alichogandia ni picha za Joseph Denovan Adam, mchoraji wa karne ya 19 aliyekuwa na makazi Craigmill, jirani tu na Stirling, akafuga ng'ombe wa milimani wale wenye manyoya marefu yanayofunika macho, makusudi kabisa ili awachore, na akafungua shule ya kufundisha wengine kuchora wanyama wakiwa hai mbele yao. Shem akaanza kuwakagua ng'ombe mmoja mmoja, huyu ana mimba, huyu kwato zake hazijakaa vizuri, huyu mchoraji anajua ng'ombe huyu. Nikamwambia shem hii ni picha, akasema najua ni picha, ila ng'ombe ni ng'ombe. Sina la kuongeza, kama una mzee wa kifugaji mpeleke hapo mwachie kiti.

Sasa nifike kwenye kitu ambacho mimi kingenirudisha Stirling hata kama mpira usingekuwepo. Picha ya rangi za mafuta, jina lake The Pipe of Freedom, ya mwaka 1869, kachora Thomas Stuart Smith mwenyewe, ambaye ndiye makumbusho yamebeba jina lake. Ni mtu mweusi anawasha kiko. Basi. Nyuma yake ukutani kuna tangazo la mnada wa watumwa, na juu yake limebandikwa tangazo jingine, la ukombozi, limefunika lile la kwanza. Ni baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, utumwa kule ulifutwa kikatiba mwaka 1865, na huyu mtu sasa ana muda wake mwenyewe na tumbaku yake mwenyewe.

Mtaniambia ni kawaida, lakini angalieni picha za zama zile za kupinga utumwa, nyingi anaonyeshwa mtu mweusi kapiga magoti, mikono ina minyororo, anaomba huruma. Nimeshaona za aina hiyo mpaka nimechoka, nia yao ilikuwa nzuri lakini ukizitazama unabaki na unyonge. Huyu wa Stirling hamwombi mtu chochote. Yuko na shughuli yake ya kiko. Na mchoraji hakumfanya kikaragosi wala pambo la kusindikiza mzungu, kampa turubai lote peke yake, kama wanavyochorwa matajiri. Nilisimama pale hadi mdogo wangu akaniuliza kaka vipi, twende? Kilichonigusa zaidi ni mwaka. 1869 soko la watumwa la Zanzibar, pale Mkunazini, lilikuwa bado linafanya kazi, lilikuja kufungwa 1873 Sultan Barghash aliposaini mkataba na Waingereza, na hata baada ya hapo biashara ya magendo iliendelea. Kwa hiyo wakati huyu bwana anawasha kiko chake kwenye picha, huku kwetu kuna watu walikuwa bado wanapigwa mnada.

Huyo Smith maisha yake nayo ni riwaya. Mtoto wa nje ya ndoa, alifundisha shule kujikimu, akaenda Italia kusomea kuchora, halafu ndugu wa baba yake akafa bila wosia na akaacha shamba kubwa la Glassingall karibu na Dunblane, ikachukua miaka mpaka Smith akakabidhiwa. Alipolipata hakulikalia sana, akaliuza, pesa akanunulia picha na akaandika wosia kwamba Stirling ijengwe taasisi yenye makumbusho, picha na maktaba, akaacha pauni 22,000 kwa kazi hiyo. Akafariki Avignon, Ufaransa, Desemba 1869, mwaka uleule wa picha ya kiko, jengo hakuliona. Lilifunguliwa Agosti 1874. Maoni yangu, kama mchoraji hakuwa wa daraja la kwanza, kuna kazi zake nyingine nimezitazama nikaona kawaida tu, lakini hii moja alipatia na angekuwa kaiuza ingekuwa imefungiwa sebuleni kwa tajiri fulani.

Nyota naipa nne na nusu kati ya tano. Hiyo nusu naikata kwa sababu sio kubwa, usije na matarajio ya Kelvingrove, yale makumbusho makubwa ya Glasgow, hapa masaa mawili unamaliza kwa kujinafasi na mtoto hajaanza kulia. Wenye watoto itawafaa sana, na nyuma kuna bustani wanaweza kukimbiakimbia kama hali ya hewa imekaa sawa. Kuna sehemu ya chai pia. Kabla hujatoka nyumbani chungulia tovuti yao, hawafungui kila siku, na picha huwa zinazungushwa au zinaazimwa kwingine, mpira wenyewe uliwahi kusafirishwa hadi Hamburg kipindi cha Kombe la Dunia la 2006, kwa hiyo kama unafuata kitu kimoja maalumu piga simu uulize kwanza.

Ukimaliza hapo panda ngomeni, ni mlima kidogo vaa viatu vya maana, ukifika nenda kwenye vyumba vya malkia uangalie juu. Dari limeshatengenezwa upya linapendeza mno, na mdogo wangu alitumia dakika nzima kukadiria shuti lilipigiwa wapi mpaka walinzi wakaanza kututazama.