Buffalo Circuit, Hell's Gate: njia ya ajabu, baiskeli ya aibu

"Ni uzito wako, mama."

Hivyo ndivyo nilivyoambiwa, mbele ya watu waliosimama kwenye foleni, baada ya kuisukuma baiskeli niliyokodi kwao kwa miguu zaidi ya saa mbili, jua likinichoma kisogo. Siku kadhaa zimepita na bado nikiyakumbuka maneno hayo damu inachemka.

Mimi ni mtu wa baiskeli. Nimepanda milima ya Ngong mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Hell's Gate, mbuga ile ya Naivasha, sikuja kupiga picha pale kwenye mnara wa mwamba wa Fischer's Tower na kugeuza. Nilikuja kupanda Buffalo Circuit, ile njia inayoacha barabara ya chini ya mbuga na kuzunguka juu vilimani. Baiskeli yangu ilikuwa kwa fundi wiki hiyo, kwa hiyo nikakodi kwenye kibanda kimoja kule njia panda ya kuingia Elsa Gate, lango la mbuga. Vibanda ni vingi pale. Nilichagua vibaya.

Nilimwuliza kijana wa kibanda tyubu ya akiba na pampu. Akacheka. "Mama, hakuna mtu huenda huko juu. Pita tu hapa chini na wenzako." Nikamwambia naenda juu. Akachukua kitambulisho changu, akakitupa kwenye droo, akageukia simu yake. Kosa langu ni kwamba sikuondoka hapo hapo. Nilitaka kupanda kabla jua halijakaza, na haraka ikaniziba macho.

Sasa kuhusu njia yenyewe, maana sitaki hasira iinyime haki yake. Ni ngumu, na ugumu wake si wa mwinuko tu. Ardhi yote ile ni majivu ya volkano, laini kama unga. Gurudumu la mbele linazama, la nyuma linazunguka bure. Ukisimama kwenye pedali umekwisha. Inabidi uteremshe gia hadi ya mwisho, ukalie kiti kwa nyuma kidogo, upumue polepole, usiangalie mbali. Pande zote ni vichaka vya leleshwa, ukiigusa kwa bega inatoa harufu kali inayoamsha kichwa. Chini yametawanyika mawe meusi yanayong'aa kama chupa iliyovunjika, na kwa kweli ni kioo cha volkano, kinakata. Ongeza miiba ya migunga. Mtu anayekodisha baiskeli mahali kama hapo bila hata kipande cha kiraka anajua anachofanya.

Lakini kule juu, jamani. Niligeuka nyuma na Ziwa Naivasha lilikuwa limelala lote mbele yangu, maji ya rangi ya fedha, mapaa meupe ya mashamba ya maua yakilizunguka, na ufukweni ile migunga iliyokufa imesimama majini tangu ziwa lilipofurika miaka hii ya karibuni. Upande mwingine mlima Longonot, kubwa hivi kwamba unahisi ukinyoosha mkono utaigusa. Mbali huko mvuke wa Olkaria, kwenye mitambo ya umeme wa jotoardhi, ukipanda kimya. Nilikaa pale nikala ndizi zangu na nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeipata muda mrefu.

Nilipoanza kushuka, tairi la nyuma likalia pssss, na ndani ya dakika moja nilikuwa nimekalia rimu.

Njia hii haikupewa jina la nyati bure. Walikuwepo, kundi zima, chini kidogo ya barabara, na mimi kwa miguu na chuma kisichozunguka. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Walionifikia walikuwa vijana wawili, mwanamume na mwanamke, wakiwa na baiskeli zao wenyewe. Walikuwa na pampu, tukajaribu, upepo ukatoka wote. Solusheni, gundi ya kubandikia viraka, hawakuwa nayo. Basi wakashuka, mmoja akatembea mbele yangu na mwingine nyuma, mpaka tukawapita wale nyati. Sikuwauliza majina, nilikuwa natetemeka. Mungu awabariki popote walipo.

Kisha nikafika kibandani, na kijana akanikaribisha kwa hayo ya uzito wangu. Hakuniuliza kama nimeumia, wala hakunipa hata maji.

Jirani yake yupo fundi, mzee mpole, aliyesikia yote. Alilifungua tairi pale pale bila kuombwa. Tulihesabu pamoja: viraka saba. Viwili vilikuwa vimebandikwa kimoja juu ya kingine, na hicho cha juu ndicho kilichobanduka. Mwiba hatukuuona, wala jiwe. Tairi lenyewe nyuzi zilikuwa zimetokeza kwa ndani. "Dada yangu," mzee akaniambia, "hii haikuharibika leo."

Kijana akatazama pembeni. "Sawa, lakini tyubu lazima ilipwe." Shilingi mia tano. Kitambulisho changu kilikuwa kwenye droo yake. Nikalipa.

Nilipofika nyumbani nilitaka kuandika kwamba msiende kabisa. Halafu nikaikumbuka ile dakika kule juu na nikaona nitakuwa nimewadanganya. Nendeni. Njia ningeipa nyota zote. Kibanda kile hakistahili hata nusu, na kama ningeweza kuziondoa hata zile kilizopewa na wengine, ningeziondoa. Bebeni baiskeli yenu, au kabla ya kulipa mwambieni mwenye nayo alifungue tairi mbele yenu. Akikataa, hamieni kibanda kingine.

Mimi nitarudi mvua zikipungua, na yangu, tyubu mbili begani na solusheni mfukoni. Pale kibandani nilikuwa nimeamua kupita bila kusimama, lakini sasa naona nitasimama. Ile tyubu niliilipia, kwa hiyo ni yangu, nikamwomba mzee anipe. Iko hapa mezani, na viraka vyake saba.