TAHADHARI: Fundi wa kuflashi (kubadilisha mfumo wa) simu Kariakoo amenichukulia simu nzima, akaniambia imekufa

Nimekaa na jambo hili siku kumi na moja naona aibu kuliandika. Leo nimeamka saa kumi usiku, usingizi umekata, nikasema bora niaibike lakini mwingine apone. Ya meseji za Jumanne ile, zilizowaomba hela kwa jina langu eti naumwa, mnayajua, sirudii. Mliotuma hela nimeshazungumza na kila mmoja wenu. Sasa mjue zilikotokea.

Simu ni ile Redmi Note 7 yangu ya bluu, yenye ufa kwenye kona ya kioo. Nimekuwa nayo tangu 2019. Ilikomea Android 10, masasisho yakakatika, nafasi ikajaa, kufungua WhatsApp tu unasubiri mpaka unasahau ulichotaka kuandika. Nilikuwa nimesoma sana kuhusu LineageOS, ule mfumo wa Android uliorithi mwingine wa aina hiyo, CyanogenMod, mwishoni mwa 2016, unaotengenezwa na watu wa kujitolea kwa ajili ya simu ambazo kampuni zimeziacha. Note 7 niliikuta kwenye orodha yao, wanaiita lavender. Nilijua lazima butiloda, ile programu inayoiwasha simu na kuzuia mfumo mwingine usiingie, ifunguliwe kwanza, nilijua Xiaomi wana kawaida ya kukusubirisha saa 168, yaani wiki nzima, kabla hawajakuruhusu. Sikuwa na laptop, na niliogopa kuharibu. Ndipo kwenye kundi moja la mambo ya simu mtu akaniunganisha na huyu fundi.

Nilimwamini kwa sababu hizi, na msinicheke. Nilipofika alinipa kigoda, akamtuma kijana aniletee maji. Akatoa simu yake mwenyewe, akaizima na kuiwasha mbele yangu, nikaona ule upinde wenye duara tatu za LineageOS unapita kwenye kioo. Hiyo picha haitokei bure, lazima mtu awe amefanya kazi. Aliongea maneno yote ninayoyajua: rikava, romu (mfumo wenyewe wa simu), faili la zip. Aliniita "dada yangu" kwa adabu. Nikiwa pale akaja mama mmoja kuchukua simu yake, akamshukuru mpaka akamwombea dua. Mpaka leo sijui kama yule mama alikuwa mteja kweli au alikuwa wa kwao.

Tukakubaliana 40,000, nikatanguliza 20,000. Nikamuuliza, na zile saa 168? Akasema, "Hizo ni za watu wasio na seva, dada. Mimi nina seva, dakika kumi tu." Nikamuuliza, na picha zangu? Akasema hakuna kinachopotea. Hapo ndipo ningesimama nikaondoka. Ukifungua butiloda simu inajifuta yote, hilo nilikuwa nimelisoma kwa macho yangu haya. Lakini nilikuwa nimeshakaa, nimeshakunywa maji yake, nimeshatoa hela.

Akaomba pini ya kufungulia simu, eti awashe ruhusa ya OEM, ile ya kufungulia butiloda, kwenye mipangilio. Nikamwandikia kwenye karatasi. Kabla ya kumkabidhi nilitoa laini yangu, nikajiona mjanja.

Sasa sikilizeni vizuri. Alichomeka waya kwenye laptop, likafunguka dirisha jeusi, maandishi meupe yanakimbia. Simu iko mkononi mwake wa kushoto, kidole gumba kiko ubavuni, pale kwenye vitufe. Akageuka kidogo kama anatafuta waya mwingine chini ya meza. Alipogeuka tena simu ilikuwa imezima. Kisha ikawaka na picha ya sungura mwenye kofia ya masikio, anamkarabati yule roboti wa kijani wa Android, na chini neno FASTBOOT. Ikabaki hapo hapo. Fundi akanyamaza. Akashika kichwa. Akaniambia kwa sauti ya msiba kabisa: "Dada, pole. Imekufa. Unaona hiyo picha? Hapo ubao umeungua, simu yenyewe ndiyo inakuonyesha inahitaji fundi."

Picha ya sungura anashika vifaa vya ufundi. Mtu ambaye hajawahi kuiona angefikiria nini? Nilisikia miguu imelegea. Nikamwambia ajaribu tena. Akabonyeza kitufe cha kuwasha kwa haraka haraka, mara tatu, mara nne, sungura yuko pale pale. Akasema ubao mpya ni 180,000, na hata hivyo hana uhakika. Kisha akajifanya kunihurumia: anaweza kuichukua kama spea, kioo na betri, kwa 45,000. Akakata 10,000 ya upimaji. Akanipa 35,000, na ile 20,000 yangu ya mwanzo hakuirudisha. Akanitolea daftari, nikaandika kwa mkono wangu kwamba nimeuza simu mbovu isiyowaka, kwa hiari yangu, nikaweka sahihi. Na nikamshukuru. Nilimwambia asante fundi, kwa kunionea huruma.

Laini nikaiweka kwenye kitochi. Siku ya tatu ndiyo zile meseji. Sikuwaza kabisa kwamba zinatoka kwenye simu yangu, si ilikufa mbele ya macho yangu? Nilijua nimedukuliwa mtandaoni. Nikamshuku binti wa dukani, nikamsema maneno ambayo mtu hapaswi kumwambia mtoto wa mwenzake. Nimemwomba radhi, na hapa mbele ya watu namwomba tena.

Jumapili nilikuwa Mbagala kwa binamu yangu. Mtoto wao wa miaka mitatu anachezea simu ya mama yake, Redmi pia, kaing'ang'ania vitufe vya ubavuni, ikazima. Mara naona sungura. Kofia ile ile, roboti yule yule. Moyo ukalipuka, nikamwambia shemeji, jamani mtoto kaua simu! Akaniangalia wala hana wasiwasi. "Huyu sungura analetwa na huyu mtoto kila siku." Akabana kitufe cha kuwasha, akakishikilia, akihesabu moja, mbili, tatu. Karibu na kumi simu ikatetemeka, ikawaka, picha ya mtoto wake ikatokea kama kawaida.

Nilikaa chini sakafuni nikalia. Haikufunguliwa butiloda, haikuflashiwa chochote, ubao haukuungua. Yule fundi alibana kitufe cha sauti ya chini pamoja na cha kuwasha, basi. Simu nzima, yenye akaunti zangu zote, na pini nimemwandikia mwenyewe kwa mwandiko mzuri.

Kituoni niliambiwa kuna karatasi ya mauziano yenye sahihi yangu, kwa hiyo kesi ni ngumu. RB, namba ya taarifa ya polisi, nimepewa, lakini nilipokwenda kibandani kijana wa pale anasema fundi huyo "anakuja siku moja moja". Namba iliyopokea hela zenu nimeituma 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu, na nyie mliotumiwa zile meseji nawaomba mfanye hivyo hivyo.

Mtu huyu anatakiwa afungwe. Si kufungiwa kibanda tu, kesho anapanga kingine. Afungwe, alipe simu, alipe hela za shangazi aliyetuma 70,000 akidhani naumwa, na atajwe kila mahali ili asishike tena simu ya mtu. Na yule aliyeniunganisha naye kwenye kundi aulizwe analipwa kiasi gani kwa kichwa kimoja.

Dalili? Ya saa 168 nimeshasema, anayekuambia ana seva ya kuziruka muulize ni seva gani. Anayekuambia data haitapotea, mwongo. Pini usitoe, kama ni lazima andika mwenyewe kwenye simu yako. Na simu inayoonyesha sungura bado ina uhai, hata kama kuflashi kumekwenda vibaya kweli, mara nyingi huwa inarudishiwa romu yake ya kiwandani kutoka hapo hapo. Iliyokufa kabisa ni nyeusi, haioneshi kitu. Yenye sungura usiiache. Ondoka nayo na sungura wake mpaka nyumbani, ubane kitufe.

Unaponunua simu iliyotumika piga *#06#, tuma IMEI (namba ya utambulisho wa simu) kwenda 15090, uone kama jibu linafanana na simu uliyoshika. Mwombe muuzaji boksi. Boksi la ile yangu ninalo mimi, na IMEI iko juu yake.

Kama kuna mtu ameuziwa Redmi Note 7 ya bluu siku hizi, ina ufa kona ya juu kulia na nyuma kuna alama ndogo ya rangi nyekundu ya kucha karibu na kamera, tafadhali nitafute. Sitakuitia polisi. Simu baki nayo. Ndani mle kuna sauti za mama, zile alizonitumia akiwa wodini mwezi wa tatu, sikuwahi kuzihifadhi pengine kwa sababu nafasi ilikuwa imejaa. Kama bado haijafutwa naomba uniruhusu nizichukue tu, nitakuja popote ulipo.