Dawa za Mitishamba: Sokoni Gikomba au kwa Muuzaji wa TikTok?
Kwa bei, Gikomba, soko la Nairobi, hushinda, kwani magome ya mwarobaini hupimwa mbele yako na mapatano yapo, ilhali muuzaji wa TikTok huongeza nauli ya bodaboda na mara nyingi hudai M-Pesa kabla mzigo haujatoka. Kwa uhakika, pengo ni kubwa zaidi: sokoni unalishika gome, unalinusa, unauliza lilikotoka, mtandaoni unaletewa unga ndani ya chupa, pamoja na shuhuda ambazo, kusema kweli, yeyote anaweza kuzitunga. Hata hivyo, simu humfaa aliye mbali, au mwenye maradhi asiyotaka kuyataja hadharani. Mjamzito, au anayemeza dawa za presha, amwone daktari kabla ya kununua kokote.