Ptolemaeus kwa darubini ya milimita 70 na ya 150: utaona nini?

Karibu ndugu mtazamaji. Leo tunazipima darubini mbili kwa kreta (shimo la pigo la mwamba wa angani) moja kuukuu: Ptolemaeus, upana kilomita 154, karibu kabisa na katikati ya uso wa Mwezi. Kingo zimechakaa, sakafu imefukiwa ikawa tambarare, kilele cha kati hakipo. Kreta changa kama Tycho hata darubini hafifu huionyesha. Hii haijitoi kirahisi.

Ya kwanza ni ya lenzi, milimita 70, fokali (umbali wa lenzi hadi picha inapokusanyika) milimita 700. Sandukuni ukuzaji huandikwa "mara 525", yaani lenzi ya jicho ya milimita 4 juu ya Barlow (lenzi ya kuongeza ukuzaji) ya mara tatu. Achana nayo! Lenzi ya milimita 70 hukomea karibu mara 140. Ukipita hapo picha inafifia, na miguu ile myepesi ikitikisika kidogo tu, kreta imekupotea. Weka lenzi ya milimita 10, upate mara 70. Utaiona Ammonius, kijikreta cha kilomita 9 sakafuni mwa Ptolemaeus. Kusini yake kuna Alphonsus, ambako chombo cha Marekani, Ranger 9, kiligonga tarehe 24 Machi 1965, halafu Arzachel yenye kilele kilichosimama vizuri. Kwa bei yake, inatosha.

Ya pili ni ya kioo, milimita 150, fokali 1200, kitako cha Dobson (cha chini, husukumwa kwa mkono juu-chini na kushoto-kulia). Kwa lenzi ileile ni mara 120. Hapa kingo zinaonyesha mifereji iliyochongwa na vifusi vya pigo lililozaa bonde la Imbrium, yote imeelekea kaskazini-magharibi. Kaskazini ya Ammonius kuna Ptolemaeus B, kreta iliyofukiwa, imebaki kina cha kisahani tu. Hiyo huonekana jua likiwa chini: jioni ya robo ya kwanza (nusu Mwezi unaokua), au kesho yake. Mwezi mpevu hauna vivuli, na Ptolemaeus nzima inapotea hata kwenye ya 150.

Kasoro yake: kwetu karibu na ikweta, robo ya kwanza jua likizama hukaa juu, pengine karibu na utosi, na Dobson hugoma kuzungushwa hapo. Itoe nje mapema kioo kipoe, subiri kwa muda wa saa mbili hivi Mwezi ushuke.

Ramani ya Mwezi nayo: kwa ya kioo, izungushe nusu duara, juu iwe chini. Ya lenzi yenye kiwiko (kipande chenye kioo kinachokunja mwanga kuelekea jichoni) hubadilisha kushoto na kulia, kwa hiyo igeuze ramani kushoto-kulia ndani ya programu ya simu. Kuzungusha simu hakutasaidia.