Doki na waya za monita: nini ununue Nairobi, kuanzia ya kwanza hadi ya kuruka

Kabla hujashuka tao na pesa yako, geuza laptopu uangalie lile shimo la Type-C vizuri, maana shida karibu zote za "nimechomeka na monita haionyeshi kitu" zinaanzia hapo. Type-C ni umbo tu. Kuna laptopu ambayo shimo lake linapitisha data peke yake, kuna yenye data na chaji, kuna yenye data, chaji na picha, na kuna Thunderbolt ambayo inafanya yote hayo kwa kasi ya 40 Gbps, na ukiyaangalia kwa macho yote yanafanana. Muuzaji wa Luthuli atakuambia "bosi, hii inaingia laptopu yoyote ya Type-C" na hadanganyi, kuingia itaingia.

Alama za kutafuta pembeni ya shimo: herufi D yenye P ndani yake maana yake picha inapita, na kwa laptopu mshale wa radi kwa kawaida ni Thunderbolt. Ukiona SS (alama ya USB ya kasi) peke yake bila hiyo D, shuku. Na kama hakuna alama yoyote, ambayo hutokea sana, chukua namba kamili ya modeli, si "ThinkPad" tu bali T480 au T480s, usome kwa tovuti ya mwenye kuitengeneza kama kwenye mstari wa USB-C (ndiyo Type-C) kumeandikwa DisplayPort, yaani njia ya picha, ndiyo ile D na P. Dakika mbili hivi, na ni bure.

Kingine, uwezo wa kadi ya picha. Laptopu nyingi za ex-UK, yaani mtumba kutoka Uingereza, zinazouzwa hapa zina prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 au karibu na hapo, na hizo zinabeba skrini 3 kwa jumla pamoja na ile ya laptopu yenyewe. Kwa hivyo doki (lile boksi la kuunganisha monita, kibodi na vingine kwa laptopu kupitia waya moja) yenye mashimo 3 ya monita haikupi monita 3 ukiwa umefungua laptopu. Utapata 2. Usilipie shimo ambalo hutalitumia.

Sasa orodha, nikianza na ile ningemwambia mtu yeyote anunue.

1. Waya tu, bila doki

Najua umekuja kutafuta doki, lakini kama laptopu yako ina HDMI na Type-C yenye picha, monita mbili unazipata kwa waya mbili na umemaliza. Chukua T480 ya 2018, ile iko kila duka Moi Avenue: ina HDMI moja na Type-C mbili, basi monita ya kwanza inaingia HDMI, ya pili inaingia Type-C kwa waya ya Type-C kwenda DisplayPort, na Type-C iliyobaki ni ya chaji. Hakuna driva (programu ya kuendesha kifaa), hakuna chaja ya ziada mezani, hakuna kitu cha kuungua stima ikirudi kwa nguvu. Angalizo moja tu, HDMI ya T480 ni ile ya 1.4 kwa hivyo monita ya 4K (picha kali mara nne ya 1080p) utaipata kwa 30Hz, yaani picha inabadilika mara 30 tu kwa sekunde badala ya 60, na hiyo utaiona kwa mausi, inatembea kama imelewa. Kama una 4K iweke upande wa Type-C. Kama monita zako ni zile za 1080p, wala usijali.

Hapa ndo kuna mtego unaokula pesa za watu wengi kuliko doki zote. Monita za ofisi za ng'ambo zinazouzwa kwa bei ya huruma, mfano Dell P2214H au HP E231, hazina HDMI kabisa. Zina DisplayPort, DVI na VGA. Mtu anaona DisplayPort, anakimbia kununua kaadapta ka DisplayPort kwenda HDMI, anarudi nyumbani Rongai, anachomeka, giza. Zile adapta ni za upande mmoja: zinatoa picha kwa kompyuta yenye DisplayPort kwenda monita yenye HDMI, kinyume chake hazifanyi. Kutoka HDMI ya laptopu kwenda DisplayPort ya monita unahitaji adapta maalum yenye umeme wake, huwa ina kamkia ka USB, na ni ghali. Achana nayo. Nunua waya ya HDMI kwenda DVI, hiyo inafanya kazi moja kwa moja kwa sababu lugha ya picha ndani ni ileile, na kwa 1080p hutaona tofauti yoyote. Sauti haitapita kwa DVI, lakini hizo monita hata spika hazina.

Na waya ya Type-C iliyokuja na simu yako si waya ya monita. Nyingi ni za USB 2.0, 480 Mbps, waya za picha hazimo kabisa ndani yake. Inachaji laptopu vizuri, unadhani ni nzima, kumbe picha haina pa kupita.

2. Doki ya ofisi, ya ex-UK, ikiwa na chaja yake

Kama kila siku unachomoa na kuchomeka, asubuhi ofisini jioni nyumbani, au una intaneti ya waya na kibodi na headseti ya kupigia simu wateja, basi doki ina maana, na ya mtumba ya kampuni kubwa inashinda mpya isiyo na jina. ThinkPad USB-C Dock Gen 2, Dell WD19, HP USB-C Dock G5. Hizi zinaelewana hata zikivukana: doki ya Lenovo inaendesha Dell yako, unachokosa ni vitu kama kuwasha laptopu kwa kitufe cha doki.

Shida ya ex-UK ni chaja. Doki nyingi zinafika bila chaja zake, na muuzaji anakuokotea yoyote kwenye droo. Kichwa cha Lenovo ni kile cha mstatili chenye rangi ya njano ndani, cha HP ni duara yenye buluu, cha Dell ni duara yenye pini nyembamba katikati, na hiyo pini ndiyo inaiambia doki chaja ni ya wati ngapi, ikivunjika doki inakuwa na wasiwasi na laptopu inaanza kulalamika. Soma kibandiko. Chaja ya doki ya wati 90 haimpi laptopu wati 90, doki inakula yake kwanza, na hiyo ya ThinkPad Gen 2 inabakisha kama 60 kwa laptopu. Kwa T480 zinatosha, kwa laptopu ya kuedit video yenye kadi ya picha kubwa utaona betri inashuka huku imechomekwa.

Kama laptopu yako ni ya zamani kidogo, usidharau zile doki za kubandika. T460 na X260 zinakaa juu ya ThinkPad Ultra Dock, Latitude E7470 ina shimo lake la chini, EliteBook 840 G3 ina la ubavuni kwa ile HP UltraSlim. Siku hizi zinauzwa bei ya kutupa na hazina hadithi za Type-C, ukibofya zimekubali. Ila hazihami: Ultra Dock ya T460 haiingii T480, na Latitude 7480 haina tena shimo la chini kama E7470, kwa hivyo ukipanga kubadilisha laptopu mwakani iache.

Watu wa MacBook, hii namba 2 isomeni polepole. Chomeka MacBook Air ya M1 kwa doki kama hizi zenye monita mbili, zote mbili zitawaka, utafurahi, halafu vuta dirisha la Chrome kulipeleka monita ya kulia uone linavyotokea kushoto pia. Picha moja mara mbili. Doki hizi zinagawa picha kwa njia inayoitwa MST, Windows inaielewa, macOS haitaki kuitumia kupanua meza. Na hata bila hiyo, Air ya M1 na ya M2 zinabeba monita moja tu ya nje. Ya M3 inabeba 2 lakini ukiifunga kifuniko, ya M4 ndo inabeba 2 ikiwa wazi. Hakuna doki ya kawaida itakayobadilisha hilo, hata ukibembeleza.

3. DisplayLink, kwa wenye shida tu

Hii ndo ya kuwaokoa hao wa M1 na M2, pamoja na wale ambao Type-C yao haina picha au wana USB ya kawaida tu. Dell D6000 ni ya aina hii. Inavyofanya kazi, programu ndani ya laptopu inachora picha, inaibana, inaituma kama data ya USB, kisha chipu ndani ya doki inaifungua na kuipeleka kwa monita. Kwa hivyo lazima uweke driva, na kwa Mac lazima uiruhusu kurekodi skrini kwenye mipangilio, ukikataa monita zinabaki giza. Kwa Excel, barua pepe, kazi za kuandika maneno ya sauti, mifumo ya wateja, iko sawa kabisa. Kwa gemu hapana. Kwa Mac ukiiwasha Netflix unaweza kupata sauti na mraba mweusi, ulinzi wa filamu unaikataa ile njia. Na laptopu ya ofisi ambayo huna ruhusa ya kuweka programu, uliza watu wa IT kwanza kabla hujalipa.

4. Monita yenye Type-C yake

Nzuri sana. Waya moja inabeba picha, chaji, na kibodi ikiwa imechomekwa nyuma ya monita. Imekaa namba 4 kwa sababu ya bei tu, ukiwa na pesa ipandishe mpaka juu. Uliza inatoa wati ngapi, 65 kwenda juu ndo unataka, kuna zingine zinatoa 15 ambayo ni chaji ya simu. Na waya iliyokuja kwa boksi usiitupe na usimwazime mtu.

5. Thunderbolt

Nunua kama laptopu yako ina alama ya radi na una monita mbili za 4K au disiki za kasi. Vinginevyo unalipia sifa. Na kuwa makini na za mtumba, doki za kwanza kwanza za Thunderbolt 3 kama Dell TB16 hazifanyi kazi kabisa kwenye Type-C ya kawaida, wakati WD19TB iliyokuja baadaye inakubali kushuka kiwango na kuendelea. Zinafanana, na hata duka linazipanga kwa rafu moja.

6. Habu za "saba kwa moja"

Zile ndogo za bati la kijivu zenye kamkia kafupi ka Type-C na mashimo kadhaa. Sikatai, kwa mtu wa bedsita Kasarani anayetaka monita moja ya 1080p na flashi, sawa. Lakini imeandikwa 4K na utapata 4K ya 30Hz, na sababu ni hesabu: Type-C ina laini 4 za kasi, habu inachukua 2 kwa USB 3 na kubakisha 2 kwa picha, na kwa laptopu za DisplayPort 1.2 hizo mbili zinabeba kama 8.6 Gbps wakati 4K ya 60Hz inataka karibu 12.5. Laptopu yenye DisplayPort 1.4 inaweza kufika kama habu yenyewe nayo ni ya 1.4, na hilo kwenye boksi haliandikwi. Halafu zinapata joto, monita inaanza kuzima na kuwaka. Na zile zisizokingwa vizuri ndani zinatoa kelele ya redio kwenye 2.4 GHz, hapohapo Wi-Fi na mausi isiyo na waya zinapofanyia kazi, ndo maana kuna watu wanachomeka flashi na mausi inaanza kurukaruka wanadhani betri imeisha. Hamisha Wi-Fi kwenda 5 GHz na kidude cha mausi kiweke upande wa pili wa laptopu.

Dukani sasa. Beba laptopu yako na chaja yako, usikubali kujaribiwa kwa laptopu ya duka, hiyo wanajua inakubali. Mwambie muuzaji, "kaka, niwekee monita mbili hapa," na kama hana mbili nenda duka linalofuata, Luthuli haikosi monita. Chomeka, vuta dirisha kutoka skrini moja hadi nyingine, kisha kwa Windows ingia Settings, System, Display, Advanced display usome Hz, ikiandika 30 wewe unajua cha kufanya. Angalia alama ya betri inachaji na si kusema "inachaji polepole". Tikisa waya ya doki pale inapoingia kwenye boksi, picha ikipotea hata sekunde moja rudisha, hiyo waya ya doki nyingi imeungwa ndani na fundi wa kuibadilisha vizuri si rahisi kumpata. Jaribu kila shimo la USB kwa flashi, halafu funga kifuniko, hesabu hadi kumi, fungua, uone monita zote mbili zinarudi zenyewe bila kuchomoa kitu.

Wiki ya kwanza nyumbani weka firmuwea (programu ya ndani) mpya ya doki kutoka tovuti ya Dell, HP au Lenovo, mara nyingi utahitaji Windows kwa hiyo kazi, inaponya kuwakawaka kwingi ambako watu wanalaumu monita. Doki iwe kwenye UPS au angalau ekstensheni yenye kinga. Na kwa risiti mwambie aandike modeli kamili pamoja na namba ya chaja, si "docking 1pc", kwa sababu siku ya kuirudisha ndo hiyo karatasi mtabishania.